Siku Chache Mjini Tokyo: Mwongozo kwa Anayekwenda kwa Mara ya Kwanza

Maswali ya wale wanaojiandaa kwenda Tokyo kwa muda mfupi hayabadiliki: viza inachukua muda gani, nibebe dola au kadi, nitatokaje uwanja wa ndege, na Mwislamu atakula nini. Majibu mengi yanayopatikana yameandikwa kwa ajili ya msafiri asiyehitaji viza, ambaye kadi yake ya benki inakubalika popote aendapo. Mwongozo huu unamlenga mtu anayetoka Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Bujumbura, mwenye siku tatu hadi tano za kukaa, awe anakwenda kwa mkutano, kwa biashara ya magari au kwa matembezi.

Ushauri wangu mkuu ni kwamba Tokyo hupangwa kwa stesheni, si kwa orodha ya vivutio. Mgeni anayelala karibu na stesheni inayofaa na kutenga eneo moja kwa kila siku ataona mengi kuliko anayevuka jiji mara tatu kwa siku akifuata picha alizoziona mtandaoni. Hatua nyingi zilizomo humu zinatokana na jambo hilo.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Pasipoti. Ukiwa Japani utatembea nayo kila mahali, kwa sababu sheria inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi awe nayo wakati wote. Nakala haitoshi.
- Kadi ya plastiki ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa na benki yako kwa matumizi ya nje, pamoja na dola za Marekani taslimu za akiba. Usitegemee kubadilisha shilingi au faranga ukiwa Tokyo, wala kulipa kwa pesa za simu.
- Adapta ya plagi. Soketi za Japani hupokea pini mbili bapa, na umeme wake ni volti 100. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi bila shida, lakini pasi ya nywele ya volti 240 haitapata moto wa kutosha.
- Bima ya safari inayogharamia matibabu.
- Jina na anwani ya hoteli kwa maandishi ya Kijapani, yakiwa yamehifadhiwa kwenye simu na kuchapishwa kwenye karatasi.
- Viatu vya kutembelea ambavyo ni rahisi kuvua, kwa kuwa utatembea sana na katika baadhi ya mahekalu, migahawa na nyumba za wageni utaingia na soksi tu.

Hatua ya 1: Omba viza kabla ya kulipia kisichorudishwa

Wenye pasipoti za kawaida za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza, nayo huombwa kabla ya safari. Japani ina balozi Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Kinshasa; omba katika ubalozi unaohudumia nchi unayoishi. Kwa kawaida utatakiwa kuwasilisha fomu, picha, ratiba ya ndege, taarifa ya akaunti ya benki na barua ya mwajiri au uthibitisho wa biashara yako. Kama umealikwa na mtu au kampuni iliyoko Japani, mwenyeji ataandika barua ya mwaliko na ratiba ya ziara, na ikiwa ndiye atakayelipa, barua ya udhamini pia. Ombi lisilo na kasoro huchukua takribani siku tano za kazi, lakini likihitaji kuulizwa Tokyo linaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo usilipeleke wiki ya safari.

Viza ya kuingia mara moja hudumu miezi mitatu tangu siku ya kutolewa, hivyo usiiombe mapema mno pia. Kosa linalowaangusha wengi ni maelezo yasiyolingana: ratiba inasema siku tano, barua ya mwajiri inasema wiki mbili, na akaunti ina fedha zilizoingizwa jana yake. Soma karatasi zako zote kwa mfuatano, kana kwamba wewe ndiye ofisa wa ubalozi, kabla ya kuziwasilisha. Ombi likikataliwa, ubalozi kwa kawaida haupokei ombi jingine la kusudi lilelile mpaka miezi sita ipite.

Viza ya muda mfupi hairuhusu kazi ya malipo. Jambo hili halina mlango wa nyuma.

Hatua ya 2: Chagua tarehe

Oktoba mwishoni na Novemba ndiyo majira ninayoyapendekeza: hewa ni kavu na baridi yake ni ya kuvumilika. Maua ya miti ya micheri huchanua mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, na ni mazuri kweli, ila hoteli hujaa na bei hupanda. Juni hadi katikati ya Julai ni msimu wa mvua, na Agosti ina joto la nyuzi 35 lenye unyevu mzito ambao hata mtu wa Pwani atauhisi. Epuka wiki ya sikukuu za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, wakati Wajapani wenyewe husafiri kwa wingi, pamoja na siku zinazozunguka Mwaka Mpya, ambapo makumbusho na migahawa mingi hufungwa.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Wengi hupitia Doha, Dubai au Addis Ababa. Ukipata tiketi za bei inayokaribiana, chagua inayotua Haneda badala ya Narita. Haneda imo ndani ya jiji, ilhali Narita iko katika mkoa wa Chiba, takribani kilomita 60 kutoka katikati ya mji.

Hatua ya 3: Chagua malazi kwa kuangalia stesheni

Tafuta kwenye ramani njia ya treni iitwayo Yamanote, yenye rangi ya kijani kibichi. Ina stesheni 30, inazunguka katikati ya jiji kwa umbali wa kilomita 34.5, na mzunguko mmoja huchukua takribani saa moja. Kwa mgeni hakuna njia yenye huruma kuliko hii, kwa sababu ukipanda upande usio sahihi bado utafika, ila utachelewa. Vilevile treni za viwanja vyote viwili vya ndege huishia au hupitia stesheni zake.

Chukua hoteli iliyo umbali wa kutembea dakika kumi au pungufu kutoka stesheni mojawapo ya Yamanote. Kwa ziara ya kwanza napendekeza Ueno: ina treni ya haraka ya Narita, treni za chini ya ardhi za Ginza na Hibiya, na soko la mtaani la Ameyoko, ambapo bei ni za watu wa kawaida. Shinjuku ina uchangamfu zaidi wa usiku, lakini stesheni yake ina milango ya kutokea zaidi ya 200, na kuijifunza ukiwa umebeba masanduku baada ya safari ndefu ni adhabu usiyoistahili.

Vyumba vya hoteli za kibiashara ni vidogo sana, na sanduku kubwa huenda likakosa mahali pa kufungukia. Kabla ya kulipa, hakikisha kama bei ni ya chumba au ya mtu mmoja. Muda wa kuingia chumbani kwa kawaida huanza saa tisa alasiri. Ukifika asubuhi, mapokezi yatakutunzia mizigo bila malipo katika hoteli nyingi.

Hatua ya 4: Andaa simu, fomu na begi

Nunua laini ya kielektroniki ya intaneti, yaani eSIM, ukiwa bado nyumbani, na uhakikishe simu yako inaipokea. Pakua ramani, programu ya tafsiri yenye Kijapani na programu iitwayo Safety tips, ambayo hutoa tahadhari za matetemeko na hali ya hewa. Kisha jaza taarifa za uhamiaji na forodha katika tovuti ya serikali ya Visit Japan Web, na uhifadhi picha ya msimbo wa QR utakaopewa, usije ukafika kwenye kaunta intaneti ikiwa haijawaka.

Kuhusu begi, ondoa nyama ya aina yoyote, soseji na nyama kavu zikiwemo. Bila cheti cha ukaguzi zitachukuliwa. Matunda na mboga mbichi nazo zina masharti makali, kwa hiyo zawadi ya maembe ibaki nyumbani. Dawa za hospitali zibebwe katika vifungashio vyake pamoja na cheti cha daktari, kwa kiasi kisichozidi matumizi ya mwezi mmoja. Dawa za mafua zenye kiwango kikubwa cha pseudoephedrine haziruhusiwi, na zenye codeine zina masharti maalumu. Waulize ubalozi kabla ya kufunga begi, kwa sababu forodha ya Japani haina mzaha katika jambo hili.

Jambo la saa linastahili maelezo. Japani iko mbele ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa sita kamili, mwaka mzima. Kwa kuwa hesabu yetu ya saa nayo hupishana na ya kimataifa kwa saa sita, namba inayoonyeshwa na saa ya mshale ya Tokyo ndiyo saa ya Kiswahili ya nyumbani kwa wakati huohuo. Saa ya ukutani ikionyesha 9 asubuhi pale Tokyo, nyumbani ni saa tisa usiku, na si vyema kumpigia mtu simu. Ikionyesha 3 alasiri, nyumbani ni saa tatu asubuhi. Kwa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, punguza saa moja zaidi. Ratiba zote za treni huandikwa kwa mfumo wa saa 24, basi andika miadi yako kama 13:40, usiandike kwa namna itakayokuchanganya baadaye.

Hatua ya 5: Toka uwanja wa ndege

1. Uhamiaji watachukua picha yako na alama za vidole. Jibu kwa ufupi: unakaa wapi, siku ngapi, kwa kusudi gani.
2. Kabla ya kutoka ukumbini, toa yeni kwenye mashine. Mashine za Seven Bank na za posta ya Japani hupokea kadi nyingi za nje. Mashine ikikuuliza utozwe kwa yeni au kwa fedha ya nchi yako, chagua yeni, kwa sababu kiwango cha ubadilishaji cha mashine kwa kawaida hukuumiza.
3. Nunua kadi ya usafiri, itakayoelezwa katika hatua inayofuata.
4. Kutoka Narita, treni ya Skyliner hufika Nippori na Ueno kwa muda usiofika saa moja, na Narita Express hufika Tokyo Station kwa takribani saa moja. Zote mbili huhitaji tiketi ya kiti pamoja na nauli. Asiye na haraka sana na mwenye mfuko mwembamba apande Access Express ya Keisei, ambayo ni nafuu na safari zake nyingi hufika Asakusa bila kubadilisha treni.
5. Kutoka Haneda, panda treni ya Keikyu hadi Shinagawa au reli moja ya Monorail hadi Hamamatsucho. Zote ni stesheni za Yamanote.

Usipande teksi kutoka Narita hadi mjini. Nauli yake inaweza kula bajeti ya siku kadhaa.

Hatua ya 6: Tumia treni bila woga

Kadi za Suica na Pasmo hufanya kazi ileile. Unaijaza fedha kwenye mashine, unaigusisha getini ukiingia na ukitoka, nauli inakatwa. Zinakubalika kwenye treni za kampuni zote jijini, mabasi, maduka ya saa 24, mashine za vinywaji na vikabati vingi vya kuhifadhia mizigo. Ipo pia Welcome Suica ya wageni, ambayo hudumu siku 28 na haina amana, ila salio lake halirudishwi. Kila mtu awe na kadi yake. Watu wawili hawawezi kupita kwa kadi moja katika safari moja.

Ukishakuwa na kadi, fanya hivi kila safari:

1. Andika katika ramani stesheni unayokwenda, kisha soma mambo matatu: jina la njia, upande inakoelekea treni, na namba ya jukwaa.
2. Simama nyuma ya alama zilizochorwa sakafuni na uwaache wanaoshuka washuke kwanza.
3. Tazama aina ya treni kabla ya kupanda. Katika njia nyingi, treni za haraka na za kawaida hutumia reli moja na jukwaa moja, na ile ya haraka itaruka stesheni yako. Hili ndilo kosa linalowapata wageni kuliko yote.
4. Ndani ya behewa usizungumze na simu. Begi la mgongoni livae kifuani au liweke juu.
5. Kabla ya kupita geti la kutokea, tafuta kwanza namba ya mlango wako wa kutokea.

Nasisitiza hatua hiyo ya tano. Barabara nyingi za Tokyo hazina majina; anwani hutaja mtaa, kitalu na jengo kwa namba, na hata mwenyeji hutegemea mlango wa stesheni kama alama ya kuanzia. Ukitokea mlango wa magharibi wakati hoteli iko mashariki, unaweza kutembea dakika ishirini kuzunguka reli. Hoteli na migahawa huandika mlango unaofaa, kama vile A4 au South Exit; uandike pamoja na anwani.

Epuka treni za kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi, hasa ukiwa na masanduku. Ukiona behewa lenye alama ya waridi, hilo ni la wanawake kwa saa zilizoandikwa. Kwenye ngazi za umeme watu wa Tokyo husimama upande wa kushoto.

Wapo wanaoshauriwa kununua Japan Rail Pass, tiketi ya siku kadhaa ya kusafiria kwa treni za JR nchini kote. Kwa ziara ya mji mmoja haina faida yoyote: Oktoba 2023 bei ya ile ya siku saba ilipandishwa hadi yeni 50,000, na haitumiki kwenye treni za chini ya ardhi za jiji.

Hatua ya 7: Gawa siku kwa maeneo

Siku ya mashariki ianzie Asakusa asubuhi na mapema, katika hekalu la Sensoji, ambalo halina kiingilio, kabla umati haujafurika kwenye njia ya maduka ya Nakamise. Kisha rudi Ueno kwa njia ya Ginza, ambayo kipande chake cha Asakusa hadi Ueno kilifunguliwa mwaka 1927 na ndiyo treni ya kwanza ya chini ya ardhi barani Asia. Makumbusho ya Taifa ya Tokyo yaliyomo katika bustani ya Ueno yanahitaji nusu siku nzima. Panga uende siku isiyo Jumatatu.

Siku ya magharibi ianzie Harajuku. Nyuma ya stesheni hiyo umo msitu wa Meiji Jingu, patakatifu palipojengwa mwaka 1920, na utulivu wake utakushangaza ukikumbuka kwamba umezungukwa na jiji pande zote. Tembea hadi Shibuya kwenye njia panda maarufu ya watembea kwa miguu, halafu umalizie Shinjuku katika jengo la serikali ya jiji, ambalo lina ukumbi wa kutazama mji kutoka ghorofa ya 45 bila malipo. Hewa ikiwa safi, mlima Fuji huonekana kutoka humo, na sioni sababu ya kulipia mnara mwingine kwa mwenye bajeti ndogo.

Siku ya katikati ina migahawa ya samaki ya soko la nje la Tsukiji (mnada wenyewe ulihamia Toyosu mwaka 2018), bustani za mashariki za Ikulu ya Mfalme, ambazo hufungwa Jumatatu na Ijumaa, na jengo la matofali mekundu la Tokyo Station la mwaka 1914. Ukibakiwa na nguvu, Akihabara iko umbali wa vituo viwili.

Hatua ya 8: Chakula na ibada

Maduka ya saa 24 kama 7-Eleven, FamilyMart na Lawson yatakulisha vizuri kwa fedha kidogo: wali uliofungwa kwa mwani, mayai, saladi, matunda. Migahawa mingi midogo ina mashine mlangoni. Ingiza fedha, bonyeza picha ya chakula, mpe mhudumu tiketi. Bahashishi haitolewi, na ukiiacha mezani huenda mhudumu akakukimbilia kukurudishia.

Kwa Mwislamu, tahadhari kubwa ni mchuzi. Tambi za ramen mara nyingi hupikwa kwa supu ya mifupa ya nguruwe hata kama nyama haionekani, na viungo vingi vina pombe. Jifunze kutambua maandishi mawili kwenye vifungashio: 豚 ni nguruwe na 酒 ni pombe. Karibu na stesheni ya Shin-Okubo, iliyoko kwenye Yamanote, kuna maduka na migahawa ya halali, na msikiti mkubwa wa Tokyo Camii uko hatua chache kutoka stesheni ya Yoyogi-Uehara. Viwanja vyote viwili vya ndege vina vyumba vya kuswalia. Wakatoliki watapata misa ya Kiingereza katika kanisa la Mtakatifu Ignatius, kando ya stesheni ya Yotsuya.

Mapipa ya taka ni nadra mitaani, kwa hiyo tembea na mfuko wako.

Hatua ya 9: Ununuzi

Vifaa vya umeme vinavyouzwa kwa Wajapani ni vya volti 100. Jiko la wali la bei nzuri ulilolinunua Akihabara litaungua siku ya kwanza ukilichomeka Dodoma. Omba toleo la volti 220–240, ambalo maduka yanayohudumia wageni huwa nalo. Onyesha pasipoti unaponunua ili upate msamaha wa kodi ya asilimia 10 katika maduka yanayoutoa. Kuanzia 1 Novemba 2026 utaratibu unabadilika: utalipa kodi kwanza, kisha utarudishiwa baada ya forodha kuthibitisha uwanjani kwamba bidhaa zinatoka nchini.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Geti limefunga na taa nyekundu imewaka.* Salio halitoshi, au hukugusisha vizuri ulipoingia. Usilazimishe kupita. Jaza fedha kwenye mashine ya kurekebisha nauli iliyo ndani ya geti, au mwonyeshe kadi mfanyakazi aliye pembeni.

*Mashine imekataa kadi ya benki.* Jaribu mashine ya kampuni nyingine kabla ya kupiga simu benki. Ikishindikana, badilisha dola zako. Ndiyo sababu ulizibeba.

*Treni ya mwisho imeondoka.* Treni husimama kati ya saa sita na saa saba usiku na kuanza tena karibu saa kumi na moja alfajiri. Teksi baada ya saa nne usiku huongeza asilimia 20. Mwonyeshe dereva anwani ya Kijapani, na usiguse mlango wa nyuma, kwa kuwa yeye ndiye huufungua na kuufunga.

*Umepoteza kitu.* Nenda kwenye stesheni uliyoshukia au kwenye kibanda cha polisi kiitwacho koban. Vitu vingi vilivyookotwa hurejeshwa, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Pasipoti ikipotea, pata kwanza taarifa ya polisi, halafu wasiliana na ubalozi wako. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zina balozi mjini Tokyo.

*Umeugua au kuna dharura.* Polisi ni 110. Gari la wagonjwa na zimamoto ni 119. Shirika la utalii la Japani lina simu ya wageni ya saa 24 kwa Kiingereza, 050-3816-2787, na wahudumu wake wanaweza kukuelekeza hospitali inayofaa.

*Simu imelia kwa sauti ya ajabu na jengo linatikisika.* Kaa mbali na madirisha, ingia chini ya meza imara na ulinde kichwa. Usikimbilie nje, kwa maana vioo na mabango huanguka barabarani. Baada ya mtikisiko, tumia ngazi badala ya lifti.

*Tufani imetangazwa.* Hili hutokea hasa Agosti hadi Oktoba, na kampuni za treni hutangaza mapema kwamba zitasimamisha safari. Kama ndege yako inaondoka siku hiyo, hamia hoteli iliyo karibu na uwanja jioni ya siku iliyotangulia, na uangalie taarifa za shirika lako la ndege kabla ya kulipa chumba.